Corolla, Impreza au Civic: gari ipi ya kizee inafaa kwa rali ya kwanza?

"Kaka fundi shikamoo. Mimi na dada yangu tunataka kuingia rali ya barabarani ya watu wa kawaida, siku mbili, kama kilomita 600 hivi. Barabara hazifungwi, karibu nusu ni vumbi na kokoto, na kuna kipande cha usiku. Wanatupa kitabu cha njia na wastani wa spidi wa kufuata, mimi naendesha na dada anasoma njia. Nina magari matatu ya kuchagua. Toyota Corolla ya 1996, injini 1.6 ya 4A-FE, manyuali, bodi imechoka ila ina rekodi za sevisi. Subaru Impreza ya 1998, lita 2.0 bila turbo, manyuali, 4WD, inang'aa lakini mwenyewe hana karatasi hata moja. Honda Civic ya 1994, injini 1.5, imeshushwa chini, rimu inchi 17, eksosi kubwa. Impreza inamaliza hela yetu yote, Civic inabakiza kama robo, Corolla inabakiza karibu nusu. Moyo wangu uko kwa Subaru. Watu wananiambia Corolla itatuaibisha, na wengine wanasema lazima niweke keji ya chuma ndani. Nichukue ipi?"

Marahaba mdogo wangu, na hongereni nyote wawili kwa kuamua. Nikikusoma naona umeuliza gari lakini kinachokusumbua ni vitu viwili, unaogopa kuachwa nyuma na wenzako, na unaogopa gari ife usiku mahali hamjui na dada yako akiwa pembeni. Hiyo hofu ya kwanza ntakutoa sasa hivi, ya pili ndo tutakaa nayo maana ndo inayotoa watu wengi kwenye rali za namna hii. Jibu langu kabla ya maelezo yoyote: kwa ulivyoniandikia, mimi ningechukua Corolla, kwa sharti kwamba chasi yake ipite ukaguzi ntakaokuelekeza hapo chini. Ikifeli hapo tunaiacha, hata kama muuzaji atashusha bei mara tatu.

Sasa tuelewane kwanza hii rali yenu ni ya aina gani, kwa sababu ushauri mwingi unaopewa mtaani ni wa rali nyingine kabisa. Kuna zile za hatua zilizofungwa, barabara haina mtu, kila mmoja anakwenda kwa uwezo wake wote na mwenye muda mfupi ndo mshindi. Huko nguvu ya injini ina maana, keji, yaani fremu ya mabomba ya chuma ndani ya gari, ni lazima, helmeti ni lazima. Yenu ni ya wastani wa spidi. Barabara iko wazi, kuna malori na pikipiki na watoto wanavuka, sheria zote za barabarani zinawahusu kama siku nyingine yoyote, na kwenye vituo vya muda, ambavyo mara nyingi hamjui vimewekwa wapi, mnapigwa pointi mkichelewa na mnapigwa pointi mkiwahi. Hilo la kuwahi ndo wageni wengi hawalichukulii kwa uzito mpaka waone matokeo ya jioni ya kwanza.

Chukua mfano, kipande cha kilomita 12 kwa wastani wa kilomita 48 kwa saa. Hiyo ni dakika 15. Tuseme mmefika kilomita ya 4 sawasawa, dakika ya 5 imetimia, afu kwenye njia panda mkachukua kushoto badala ya kulia na mpaka mnagundua na kugeuza mmepoteza dakika 2 nzima. Zimebaki kilomita 8 na dakika 8, kwa hiyo mnatakiwa muende 60 kwa saa ndo mrudi kwenye muda wenu. Sitini tu! Gari yoyote kati ya hizo tatu inafanya hivyo bila hata kukunja uso. Na kama hapo mlipo sheria au hali ya barabara hairuhusu sitini basi mnakubali pointi na maisha yanaendelea, hakuna injini duniani inayobadilisha hilo. Kwa hiyo mtu akikuambia Corolla itakuaibisha kwa sababu haina nguvu, huyo anazungumzia mchezo mwingine. Na kama ni suala la heshima, dereva wa Kenya Joginder Singh na mdogo wake Jaswant walishinda rali ya East African Safari ya mwaka 1965 wakiwa na Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshatumika, walikuja ndugu wawili na gari ya mkononi wakashinda rali ambayo ilikuwa inavunja magari mapya.

Kitu ambacho kitawapa au kuwanyima pointi kweli ni kipimo cha kilomita kwenye dashibodi, na hapa naomba unisome polepole. Gari haipimi barabara. Inahesabu mizunguko, halafu inazidisha na urefu wa mzunguko wa tairi ambao kiwanda kilidhani utakuwa nao. Tairi jipya lina kina cha kashata, yaani ile mifereji ya juu ya tairi, kama milimita 8, likilika likabaki na 2 maana yake nusu kipenyo kimepungua milimita 6. Kwa tairi la gari ndogo lenye nusu kipenyo kama milimita 290 hiyo ni asilimia 2. Inaonekana ndogo lakini baada ya kilomita 50 za barabara, dashibodi itakuambia umetembea 51, na kwa wastani wa 48 kwa saa kilomita moja ni sekunde 75. Yaani mnachelewa kwa dakika na robo huku mnaamini mko sawa kabisa, na hata gari ingekuwa na nguvu mara mbili isingewaokoa maana hamjui kama kuna tatizo. Ndo maana rali nyingi za hivi zinaanza na kipande cha kupimia, kitabu kinasema umbali halisi, na nyinyi mnalinganisha. Kitabu kikisema 15.0 na gari ikasoma 15.3, basi kila namba ya gari mnaizidisha kwa 0.98 siku nzima. Hiyo kazi ni ya dada, aifanye kwa utulivu, aiandike kwa kalamu kwenye jalada la kitabu. Mkibadilisha tairi kwa sababu ya pancha mnapima upya. Programu ya simu yenye GPS inasaidia kuhakiki, ila soma kanuni kwanza maana waandaaji wengine wanaikataza.

Haya, tuje kwenye Impreza maana najua ndo unayoitaka. Colin McRae alichukua ubingwa wa dunia wa rali mwaka 1995 na Impreza na tangu hapo kila mtu akiona lile umbo anasikia rali, hata mimi. Lakini ile ilijengwa upya kutoka chini kwa ajili ya mashindano, hii ya kwako ni gari ya familia yenye miaka mingi na mmiliki asiye na karatasi. Kuhusu 4WD, yaani injini kusukuma magurudumu yote manne, kuna jambo ambalo watu wengi wamelielewa kinyume: inakusaidia kuondoka, haikusaidii kusimama. Gari zote zinafunga breki kwa magurudumu manne, ya Subaru na ya Corolla, na kwenye kokoto kinachokuzuia usiingie mtaroni ni mshiko wa tairi na spidi uliyoingia nayo kwenye kona. Tena 4WD inaweza kukudanganya, kwa sababu inaondoka vizuri hata kwenye utelezi basi hupati ile taarifa ya mapema kwamba barabara imekuwa mbovu, unaipata ukikanyaga breki. Kwa wastani wa 48 kwa saa kwenye vumbi kavu sioni utaipatia kazi gani.

Ila niwe mkweli, kuna hali ambayo ningegeuza maneno yangu. Kama waandaaji wanasema mvua ikinyesha hiyo nusu ya vumbi inageuka tope la udongo wa mfinyanzi na kuna vilima, na hakuna njia mbadala kwenye kitabu, hapo 4WD nzuri ni faida kubwa sana na ningekuambia ongeza muda uweke akiba mpaka uinunue na ubaki na hela ya kuitengeneza. Neno ni 4WD nzuri. Kwenye Impreza ya manyuali kuna difu ya kati inayogawa nguvu mbele na nyuma, ndani ina kifaa chenye mafuta mazito kinachoruhusu tofauti ndogo ya mzunguko. Ukivaa tairi mbili mpya mbele na mbili zilizolika nyuma, mizunguko haifanani kamwe, kile kifaa kinafanya kazi bila kupumzika, kinapata moto, na siku moja kinashika moja kwa moja. Kujua kama kimeshashika ni rahisi, tafuta uwanja mpana wenye sakafu kavu, kata usukani mpaka mwisho, gia ya kwanza, zunguka polepole bila kukanyaga mafuta sana. Gari ikiwa inagoma gomea, inaruka ruka kama kuna mtu ameshika gurudumu, rudisha ufunguo. Na hesabu yako ya tairi kwenye Subaru ni nne kila wakati, sio mbili, hiyo peke yake inakula bajeti.

Halafu injini. Zile silinda zimelala pande mbili, kwa hiyo kuna silinda hedi mbili, vile vifuniko vya silinda, na gasketi mbili za kuzizibia, na hii familia ya injini, hasa zile za lita 2.5, inajulikana kwa gasketi za hedi kuvuja zikizeeka. Yako ni ya 2.0 na sio lazima iwe mgonjwa, tatizo ni kwamba ugonjwa huu unajificha. Gari inawaka vizuri, inazunguka mtaani vizuri, afu baada ya saa moja ya mwendo mrefu mshale wa joto unapanda. Kwa hiyo jaribio la dakika kumi halikuambii kitu. Liendeshe muda mrefu, lisimamishe, kisha chungulia chupa ya maji ya akiba ya rejeta injini ikiwa inawaka, bila kugusa kifuniko cha rejeta chenye joto maana maji yaliyobanwa yanaruka na yanaunguza vibaya. Ukiona mapovu yanapanda mfululizo, hizo ni gesi za injini zinaingia kwenye maji. Na mkanda wa taimingi, ule unaopanga mwendo wa valvu na pistoni, bila karatasi unahesabu kwamba haujawahi kubadilishwa, unabadilisha siku unayonunua. Sasa umeshamaliza hela yote kununua, hela ya mkanda, pampu ya maji, tairi nne na shokapu inatoka wapi?

Civic ntaiongelea kwa masikitiko kidogo, kwa sababu kizazi hicho kikiwa hakijaguswa ni gari tamu mno, saspensheni yake ina mikono miwili juu na chini, mbele na nyuma, inashika barabara vizuri kuliko magari mengi ya rika lake. Lakini hii imeshaguswa. Saspensheni inafanya kazi kwa nafasi, gurudumu lazima liwe na pa kupanda likikuta jiwe na pa kushuka likikuta shimo, ukikata springi unachukua ile nafasi. Gurudumu linapanda kidogo tu linagonga mpira wa mwisho, baada ya hapo pigo lote linaenda kwenye bodi, kwenye boljointi, kwenye mgongo wa dada yako. Na gurudumu linaloruka juu ya kokoto halijagusa chini, na lisilogusa chini haligeuzi wala halifungi breki. Watu wanaona gari iliyoshuka imekaa vizuri kwenye kona ya lami, ni kweli kwa lami laini, kwenye barabara yenu ni kinyume chake. Zile rimu za 17 nazo zinakuja na tairi lenye ubavu mfupi, shimo moja la ukweli linabana ubavu kati ya jiwe na rimu, tairi linachanika na rimu inapinda kwa pamoja. Eksosi kubwa msiione kama urembo tu, kilomita 600 za kelele zinachosha kichwa na dada akisema "kulia" wewe umesikia kitu kingine, tena inaweza kukukwamisha kwenye ukaguzi wa kelele asubuhi ya kuanza. Kuna na la injini, mkanda wa taimingi ukikatika kwenye injini hizo pistoni zinagonga valvu na injini imekwisha hapo hapo. Kama muuzaji anazo springi za kiwandani na rimu ndogo za asili amezitunza stoo, tunaweza kuongea. Kama hana, ile robo yako iliyobaki itaisha kwa kuirudisha gari ilivyokuwa.

Corolla sasa. Hiyo 4A-FE ni injini ambayo fundi yeyote ameshaifungua, spea zake ziko kila mahali, na faida moja ambayo mimi naipenda sana kwa safari ya mbali ni kwamba mkanda wa taimingi ukikatika pistoni na valvu hazikutani. Mnasimama, ni kweli rali imeisha, lakini mnavutwa mnafunga mkanda mwingine na injini inaendelea. Una rekodi za sevisi, hizo kwangu zina thamani kuliko rangi inayong'aa, zisome kwa makini uone oili ilibadilishwa kila baada ya umbali gani na kama kuna mahali pana pengo la miaka.

Ila umeandika "bodi imechoka" na hapo ndo sharti langu linakaa. Kuchoka kuna maana mbili. Kutu kwenye mlango, kwenye mabawa, kwenye boneti, hiyo ni sura tu, iache ilivyo. Kutu kwenye mifupa ni jambo jingine, maana magari haya hayana chasi ya kujitegemea kama lori, bodi yenyewe ndo chasi, na shokapu zinasukuma kwenye vikombe viwili vya bati pale juu chini ya boneti na viwili vingine nyuma. Kwenye kokoto vile vikombe vinapigwa maelfu ya mara kwa saa moja. Kwa hiyo fungua boneti uangalie kuzunguka nati za juu za shokapu, kama bati limevimba, limepasuka kama nywele, au limepigwa puti, acha gari. Angalia vizingiti chini ya milango pale pa kuwekea jeki, bonyeza kwa kitako cha bisibisi kwa nguvu ya kawaida, bati zima linatoa sauti kavu na halibonyei, lililooza linatoa sauti nzito na linaingia ndani. Inua kapeti miguuni mwa dereva na abiria ushike chini kama pana unyevu. Toa tairi la spea kwenye buti uangalie lile bakuli. Na ukikuta chini kote kumepakwa lami nyeusi mpya wiki mbili kabla ya kuuzwa, uliza kwa adabu kwa nini, kisha mwachie fundi aikwangue kidogo mbele ya muuzaji.

Injini iwashe ikiwa baridi kabisa, mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika. Moshi wa bluu wa sekunde chache ukiwasha, kisha ukapotea, mara nyingi ni sili za valvu zimekauka na mnaweza kuishi nazo kwa kuangalia oili kila mkijaza mafuta. Moshi wa bluu unaoendelea kila ukikanyaga ni ringi za pistoni, hiyo sio ya rali. Klachi ipime hivi, uko gia ya nne spidi ndogo, kanyaga mafuta mpaka chini, kama mlio wa injini unapanda ila gari haiongezi mwendo klachi imekwisha, sio mwisho wa dunia ila toa gharama yake kwenye bei.

Tuseme imepita. Ile nusu ya hela iliyobaki usiione kama akiba, ndo sehemu ya pili ya kununua gari. Anza na tairi. Chukua saizi ya kiwandani yenye ubavu mrefu, sio pana, nne za aina moja, na ya tano ya spea iwe saizi kamili, achana na zile spea nyembamba za dharura kwenye kokoto. Soma tarehe ubavuni, kuna namba nne za mwisho baada ya herufi DOT, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na mpira wake umeshazeeka, linapasuka na joto. Upepo usishushe eti upate mshiko, kwenye mawe ndo unakaribisha ubavu kuchanika.

Breki ndo zinafuata, na kosa la wengi ni kubadilisha pedi wakasahau mafuta ya breki. Yale mafuta yananyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka. DOT 4 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 230, ikishanyonya maji kiwango chake cha chini kinashuka mpaka 155, na mteremko mrefu na gari iliyobeba watu na vifaa unaweza kufika huko. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanwa, pedeli inazama mpaka chini na gari haisimami, wakati jana yake mtaani breki zilikuwa safi. Kubadilisha mafuta yote ni kazi rahisi ambayo haina sababu ya kuahirishwa. Fundi akiwa hapo aangalie mipira ya breki kama imepasuka na mabomba ya chuma kama yana kutu.

Upoozaji: mipira ya rejeta, themostati, kifuniko cha rejeta, feni iwake yenyewe injini ikipata joto, na mapezi ya rejeta yasafishwe vumbi na wadudu kutokea nyuma kuja mbele. Badilisha mkanda wa taimingi na pampu ya maji pamoja kama rekodi hazionyeshi. Shokapu nne mpya za kawaida zenye ubora, hapana zile ngumu za mashindano, na bushi za mikono. Chini weka bamba la chuma la kukinga sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, lifungwe kwenye fremu ndogo inayobeba injini na sio kwenye bampa, liwe na tundu la kutolea oili na liache hewa ipite. Sampu ikitobolewa na jiwe oili inamwagika yote, ukichelewa kuona ile taa nyekundu injini ishajifia.

Kipande cha usiku kinanipa wazo la taa, na hapa watu wanatupa hela kwenye taa za nyongeza kabla ya kuangalia zilizopo. Kwenye gari ya miaka hii umeme wa taa za mbele unapita kwenye swichi na waya wa zamani, unapoteza volti njiani. Balbu ya waya inategemea sana volti, ikipungukiwa asilimia 10 tu mwanga unapungua kama asilimia 30. Pima volti kwenye betri injini ikiwaka, kisha pima kwenye soketi ya taa ikiwa imewashwa. Kama tofauti ni kubwa, weka rilei, ile swichi ndogo ya umeme, na waya mnene kutoka betri, na ukwangue kutu pale waya wa ethi unapoungana na bodi. Utashangaa taa zile zile zimekuwa mpya. Kioo cha taa kikiwa cha njano kisuguliwe.

Keji uliyoambiwa uweke, hapana. Kwa rali yenu haihitajiki kwa kawaida, na zaidi ya hapo inaweza kuwaumiza. Keji imetengenezwa kwa mtu aliyevaa helmeti na mkanda wa mashindano uliombana kwenye kiti. Nyinyi mtakuwa kichwa wazi na mkanda wa kawaida, ambao unaruhusu mwili kusogea, mkigongwa kwa pembeni kichwa kinakutana na bomba la chuma. Hela hiyo weka kwenye mikanda ya gari yenyewe, ivute kwa ghafla uone inashika, iangalie kama imechanika, na viti viwe vimefungwa imara. Kifaa cha kuzimia moto, pembetatu, vizibao vya kung'aa na sanduku la huduma ya kwanza mtakuta kwenye kanuni, vifungwe visiruke ndani ya gari.

Dada yako usimsahau kwenye hesabu. Msoma njia anaangalia chini huku gari inayumba, wengi wanapata kichefuchefu siku ya kwanza na hawasemi. Afanye mazoezi ya kusoma kitabu njiani kabla, awe na taa ndogo ya kusomea isiyokupiga machoni wewe, dirisha lifunguke, na mkubaliane mapema kwamba akisema simama unasimama. Kwa hili pia Corolla inakubeba, ina utulivu na kimya kuliko ile Civic.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi na lazima mtu ashike gari kwa mikono. Kabla ya kulipa, ipeleke kwa fundi asiyemjua muuzaji, mwenye lifti au shimo, mlipe kwa ajili ya kukagua tu. Kuchomelea vizingiti au vikombe vya shokapu usikubali kwa mtu wa geti na madirisha, ni kazi ya mtu wa bodi za magari, na kama kikombe kimeoza mimi bado nasema tafuta Corolla nyingine, zipo. Taa ya mkoba wa hewa ikiwaka dashibodini, au mahali palipotakiwa kuwaka ukiwasha gari hapawaki kabisa, mwone mtaalamu wa umeme wa magari, usiguse mwenyewe zile waya. Pedeli ya breki ikizama hata mara moja kwenye majaribio, gari inavutwa, haiendeshwi mpaka karakana. Na wapigie bima muulize kama wanakubali gari kushiriki rali ya barabara wazi, jibu liwe la maandishi, kwa sababu sera nyingi zinakataa chochote chenye neno mashindano. Waandaaji nao wana mkaguzi wao wa magari, muulize mapema orodha yake, wengi wanafurahi kuulizwa kabla kuliko kukurudisha asubuhi ya kuanza.

Ikishakuwa tayari, jipangieni safari moja ya majaribio ya kilomita 200 hivi, nusu vumbi, mwisho wake uwe giza, mkiwa mmebeba kila kitu mtakachobeba siku yenyewe. Kesho yake fundi akaze nati zote za saspensheni na magurudumu upya, aangalie uvujaji wowote chini. Ukishaiona hiyo Corolla, nitumie picha za vikombe vya shokapu mbele na nyuma, za vizingiti pande zote mbili, na ukurasa wa mwisho wa kitabu cha sevisi, kabla hujamkabidhi mtu hela.